Nilikwenda Lesotho Kabla ya Kukalia Kiti

Wenzangu, tangu nirudi kila anayenijia anauliza Lesotho ni wapi, na kabla sijamjibu ameshaingiza swali la pili: na kiti je, ilikuwaje? Nimechoka kusimulia kwa mafungu. Tena kila nikisimulia, wifi yangu Mariamu yuko kando anarekebisha, utadhani yeye ndiye aliyekwenda na mimi nilibaki Likoni. Basi nimeandika. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe na mjukuu, na atakayesema nimetia chumvi aende mwenyewe akaionje baridi ya kule.

Nyinyi mwalijua la kiti, lakini wajukuu hawalijui. Chama chetu cha wanawake, tangu enzi za ngoma ya lelemama, kina Malkia. Kamati twaichagua kwa kunyoosha mikono, na wapishi wakuu pia, lakini Malkia hachaguliwi. Kiti hutoka kwa shangazi kikaenda kwa binti wa nduguye. Malkia hukaa mbele harusini, hupatanisha walionuniana, na ana jambo moja ambalo neno lake halina wa kulijibu: ndiye anayechagua leso ya sare. Akisema tutavaa hii, tunavaa hiyo.

Shangazi yangu Bi Khadija, Mungu amrehemu, alikikalia kiti hicho tangu mimi ni mwari. Alipofariki macho yote yakanielekea. Wakati huohuo vyama vingi vilikuwa vimerudi nchini, kila mtu ana neno demokrasia mdomoni, na wasichana wetu, Mwanajuma akiwa mbele, wakaanza kuuliza kwa nini Malkia hapigiwi kura. Wazee wakasema kiti cha nyumba hakipigiwi kura. Mimi sikujua niko upande gani. Nikawaomba muda, kwamba nina safari, nikirudi nitasema nakikalia au nakiacha.

Likoni hadi Dar es Salaam

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Salim, mtoto wa kaka yangu Athumani, anasomesha hesabu huko Lesotho, na alikuwa amempata binti wa Kisotho, jina lake Palesa, baba yake ni chifu. Kaka miguu haimruhusu. Kwetu posa haiendi bila shangazi, na mama mtu hakukubali kuachwa, kwa hiyo tukawa wawili: mimi na wifi.

Mariamu ni mzaliwa wa Changamwe. Baba yake alishuka kutoka Taveta kuja kufanya kazi bandarini, naye amefanya kazi kiwandani hadi wenzake wakamchagua awe msemaji wao mbele ya wakubwa. Hapendi mtu aitwe mtukufu. Alivuka feri kuja kwangu alfajiri, na kabla hajatua kikapu cha mahamri alikuwa ameshanichokoza.

"Malkia hajambo?"

"Sijakuwa Malkia."

"Utakuwa. Nyinyi watu wa Likoni mwatafuta tu mtu wa kumwinamia. Hata tuendako kuna mfalme, utajionea nduguyo."

"Na ninyi wa Changamwe hamwinamii mtu? Na ile picha iliyotundikwa ukutani katika kila duka?"

Wifi akatizama mlangoni kwanza, kisha akacheka. "Nyamaza we, hatujafika hata mpaka wa Lunga Lunga."

Baada ya mpaka, njia ya kwenda Tanga ilikuwa tope tupu. Basi likazama magurudumu ya nyuma, na dereva na utingo wakashikana maneno juu ya nani alisema tupite kushoto. Wifi akashuka na buibui lake, akawapanga wanaume wazima kwa zamu za kusukuma, nao wakamtii bila kumuuliza yeye ni nani. Nilimuuliza nani amempigia kura. Akasema, "Tope limenipigia." Tulifika Dar tumechelewa na tumechafuka, ila mahamri yalikuwa salama.

Dirisha la treni

Treni ya kwenda Zambia tulipewa chumba cha wanawake wanne. Wawili wengine walikuwa Mama Chanda, mfanyabiashara wa dagaa, na dada yake. Dagaa wenyewe walikuwa humo humo chini ya vitanda, magunia kwa magunia, na harufu yao ilipanda kitandani kabla yetu. Mama Chanda alijua Kiswahili cha sokoni na alikuwa na moyo mkubwa. Alipoona tumefungua mkate wa sinia na achari ya ndimu, aliketi karibu yetu kana kwamba tumelelewa pamoja.

Usiku wa pili tulikuwa nyanda za juu na baridi ikaanza kuuma. Wifi akataka dirisha lifungwe. Mama Chanda akasema likifungwa dagaa watatuua. Wifi, kwa kuwa ni yeye, akasema hakuna haja ya kugombana, tupige kura. Tukapiga. Waliotaka dirisha liwe wazi walikuwa watatu, mmoja wao mimi.

"Wewe! Damu ya mume wangu!" wifi akanipigia kelele.

"Kura ni siri, wifi, lakini mkono wangu umeuona."

Alijifunika leso zake zote, akalala akitetemeka na kulaani. Asubuhi mafua yakamkamata, na kitandani kwake kuna baridi kuliko kote kwa sababu kiko chini ya dirisha. Hapo nikamuuliza kwa upole kama hiyo ndiyo demokrasia anayoitaka iingie chamani kwetu, wengi wamgandishe mmoja. Akapenga kamasi, akajibu maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Nimeshindwa, sikunyimwa kura. Usiku wa leo nitawaomba tena."

Akaomba kweli. Safari hiyo treni ilikuwa imesimama porini kutwa nzima, mvua imekula kando ya reli, na sote tumechoka. Mama Chanda alimwonea huruma, dada yake pia, mimi nikanyoosha mkono wa mwisho. Dirisha likafungwa. Tuliteseka sana na dagaa usiku ule.

Kwa Mama Chanda

Kapiri Mposhi ndiko reli inakoishia. Tulifika jioni, basi la Lusaka limeondoka, na Mama Chanda hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni. Tukalala kwake.

Kabla ya chakula binti yake, mwanamke mwenye watoto wake, akaja mbele yangu na beseni la maji, akapiga magoti chini. Nilidhani ameangusha kitu, pengine hereni. Nami nikapiga magoti nimsaidie kuitafuta, nikawa napapasa sakafu. Wifi naye akauliza ni ya dhahabu au ya kawaida, akainama. Yule binti akatutizama, akamtizama mama yake, nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Kumbe ndiyo adabu yao, mdogo humnawisha mkubwa akiwa magotini.

Wifi alikereka. Alisema angependa kuona watu wazima wakisimama. Lakini hatujamaliza kula, binti yuleyule alianza kumkanya mama yake juu ya dagaa: kwamba amenunua wengi mno, kwamba alimwambia mapema, kwamba hasikii. Mama Chanda alikuwa anatafuna nshima, ndio ugali wao, anaitikia "ehe, ehe." Nikamkanyaga wifi mguu chini ya meza. Akaniambia tumekula vizuri, tuache siasa.

Kutoka hapo tulipita Lusaka, Harare, hadi Johannesburg, mabasi matatu na viti visivyojua maana ya mgongo. Hakuna la kusimulia isipokuwa miguu yangu iliyovimba hadi viatu vikanikataa, nikashuka Johannesburg na ndara. Watu walituogofya sana kuhusu mji ule. Mtu pekee aliyetukimbilia ni mama muuza tofaa, na alikuwa anaturudishia mwavuli wetu.

Ntate Thabo na mfalme aliyewafuta mawaziri

Salim alitupokea mpakani, ng'ambo ya daraja la Maseru. Nilipomwona nilimlilia, maana amekonda na amevaa blanketi mabegani kama wenyeji. Mama yake alimkumbatia, kisha akamuuliza anakula nini.

Kijiji cha wakwe kiko milimani, na alikuwa amekodi gari la Ntate Thabo. Ntate kwao ni kama kusema mzee au bwana, kila mwanamume mzima huitwa hivyo. Ntate Thabo alikuwa mwalimu mwenzake Salim, mcheshi, anaongea Kiingereza kwa kituo kwa ajili yetu. Wifi hakumwachia hata kona ya kwanza ipite.

"Mwambie, Salim. Nchi yenye mfalme yaweza kusema ina utawala wa watu?"

Ntate Thabo akacheka. Akasema mfalme wao hatawali, serikali inachaguliwa kwa kura na katiba imemfunga mfalme mikono. Kisha akaongeza kwamba si muda mrefu umepita tangu mikono hiyo ifunguke. Mfalme aliifuta serikali waliyoichagua. Wananchi wakajifungia majumbani, hakuna kazi, hakuna duka, hakuna basi. Nchi jirani zikaja kusuluhisha, na serikali ikarudi.

"Na mfalme?" nikauliza.

"Bado tuna mfalme. Tunampenda. Ndiye anayetufanya tusiwe mkoa wa Afrika Kusini."

Wifi akageuka kabisa kwenye kiti. "Sasa huo ni upendo gani? Mtu amekunyang'anya kura yako, umeirudisha kwa kufunga duka, na yeye humwondoi?"

"Mama," Ntate Thabo akasema, "kwenu hamna mfalme. Mliyemchagua akikosea, mnamwondoa?"

Gari likapanda mlima. Nyinyi mwakumbuka mwaka ule wa kupiga kura kwa kupanga mistari, jinsi mstari mfupi ulivyoushinda mrefu mchana kweupe na sote tukarudi nyumbani kupika. Wifi anakumbuka zaidi yangu, maana yeye alikuwa kwenye mstari mrefu. Baada ya muda alisema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Basi wote tunaumwa. Lakini maradhi ya mwenzio hayaponyi ya kwako."

Mbele ya chifu

Siku ya pili tuliitwa kwa chifu. Tulijiandaa kama inavyotakiwa kwetu: leso mpya za mama mkwe, udi, halua niliyoibeba tangu Mombasa nikimpiga wifi mikono asiiguse, na Salim naye tulipofika. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya posa, yale ya kuzunguka zunguka, kwamba tumeona ua katika bustani yenu. Nilitarajia sebule na wazee watatu.

Tulikuta kijiji kizima kimekaa nje kwenye jua, wanaume na wanawake na mablanketi yao. Chifu, baba wa Palesa, alikuwa katikati kwenye kiti cha kawaida, mzee mwembamba mwenye kofia. Salim akatuambia ni mkutano wao, watasema mambo ya kijiji na posa yetu ni mojawapo.

Wakaanza. Mzee mmoja akasimama, akamsema chifu juu ya malisho, kwa kidole. Mwanamke akasimama, akasema chifu anapendelea watu wa upande wa juu. Salim anatufasiria masikioni, mimi joto linanipanda. Ikafika zamu ya posa. Mzee yuleyule wa malisho akasema binti wa chifu ni wa kijiji, kwa nini apelekwe baharini kwa watu wa dini nyingine ambao hatuwajui, na chifu amezeeka, hafikiri. Akaungwa mkono. Mwingine akapinga. Chifu hakusema neno. Alikuwa anatizama ardhi.

Nyumbani kwetu, mwenye nyumba akitukanwa mbele ya wakwe na akanyamaza, maana yake ni moja: ameaibika na posa imevunjika. Nikamwona Salim wangu amekaa na kichwa chini. Nikaona mzee wa watu anadhalilishwa kwa sababu yetu. Wallahi sikujizuia. Nilisimama katikati ya mkutano wa watu, na ndara zangu, nikasema kwa Kiswahili changu chote:

"Hebu muheshimuni mzee wenu! Hamna haya? Mbele ya wageni? Kama hamtutaki tutaondoka, lakini msimtukane mtu kwenye kiti chake!"

Wifi akawa ananivuta buibui. Salim alikataa kufasiri. Lakini hasira haina haja ya kufasiriwa, na wote wakanielewa. Kisha yule mzee wa malisho akaanza kucheka, na mkutano wote ukacheka, hata chifu akavua kofia akajipangusa macho. Akasema jambo, Salim akanifasiria kwa sauti ndogo.

"Shangazi, anasema ahsante sana kwa kumtetea. Lakini ukae, hawajamaliza kazi yao. Yeye zamu yake ni ya mwisho."

Nikakaa. Uso uliniwaka kama nimekaa jikoni. Watu wakaendelea kusema hadi jua likasogea, hakuna aliyekatizwa, na kwa mila yao aliyesema hapo hafuatwi kwa alilosema. Mwisho chifu akasimama. Hakusema anataka nini. Alirudia waliyoyasema, la huyu na la yule, hata lile la uzee wake, kisha akasema ameona wengi wanakubali ndoa ila wanataka binti aolewe hapo kwanza kwa desturi zao, ndipo aende kwetu kwa nikahi. Na malisho ya upande wa juu yatafungwa. Wakaitikia. Ikawa imekwisha.

Nilijua baadaye kutoka kwa Palesa, binti mtulivu mwenye kicheko cha ghafla, kwamba baba yake mwenyewe hakutaka malisho yafungwe. Ng'ombe wake ndio wanaolishwa huko.

Blanketi

Usiku ule tulichinjiwa kondoo. Chifu alimpa Salim kisu achinje yeye, ili sisi tule bila wasiwasi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Tulikula na ugali wao mweupe uitwao papa, na mboga yenye uchungu kidogo. Mke wa chifu alituvika mablanketi kwa mikono yake, akapokea leso zake, akazifunga papo hapo juu ya nguo nzito, akatembea nazo sebuleni tukampigia vigelegele. Nilimpenda mama yule.

Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Nikamwambia wifi kwa Kiswahili: unaona? Ana kiti, hakuchaguliwa na mtu, na watu wamemtawala yeye.

Wifi alikuwa ameshiba na mafua yamempungua, lakini hakulegea. Akamwambia Salim, "Muulize mkwe kama mwanawe wa kiume naye atakaa kimya hivyo."

Salim akaona haya. Wifi akasisitiza. Chifu aliposikia alitizama kwenye pembe ambapo kijana wake mkubwa, mrithi, amelala na buti zake tangu mkutano ulipoanza. Akafikiri. Jibu lake lilikuwa: "Sijui. Kwa huyo itawabidi waseme kwa sauti kubwa zaidi."

Tukacheka sote. Njiani kwenda kulala wifi alinishika mkono, maana njia ina mawe na hatukuzoea.

"Mwanasha," akasema, "mzee huyu nampenda. Lakini hiyo si demokrasia. Hiyo ni bahati. Wamepata mtu mwema. Kuna siku watampata yule mwenye buti."

Nilikaa macho ndani ya blanketi nikimfikiria Bi Khadija. Alikuwa mwema. Sote tulikuwa na bahati. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema kwa sauti, kubwa wala ndogo.

Likoni

Safari ya kurudi siisimulii, ni ileile kinyumenyume, bila dagaa. Nataka niseme la ile Ijumaa mlipokusanyika kwangu baada ya alasiri kusikia jibu, maana najua mnasemezana kuwa baridi ya Lesotho ilinipanda kichwani.

Mlinikalisha kwenye kiti. Nikatoa leso niliyosema nimeichagua iwe sare ya harusi ya Salim. Ilikuwa rangi ya matope, na madoa ya kijani kama maji ya mtaro, na imeandikwa NILILOAMUA HALINA MJADALA. Niliitafuta madukani siku nzima, Mungu anajua. Sijapata kuona leso mbaya kama ile.

Nikasema, "Hii ndiyo tutavaa."

Nikangoja. Leso ikapita mkono kwa mkono. Katibu akasema, "Ahsante Malkia." Nikamtizama Mwanajuma, yeye na wenzake waliotaka kura, nikamwombea dua kimoyomoyo afungue mdomo. Akaikunja vizuri akampa jirani. Moyo wangu ulishuka, wenzangu. Nilijisemea kiti hiki nakiacha leo, kwa maana hakuna mwema wa kutosha kukalia kiti ambacho hakijibiwi.

Ikamfikia Bi Mishi, aliyekuwa rafiki wa Bi Khadija tangu utoto, mwenye kukitetea kiti kuliko sote. Akaisogeza machoni. Akaisogeza mbali.

"Mwanasha, mwanangu," akasema, "hii mimi sivai. Hata mnizike nayo nitainuka."

Mwajua yaliyofuata. Mlisema nyote kwa pamoja. Mlisema macho yangu, mlisema akili yangu, Mwanajuma naye akapata ulimi. Mkafika hadi kwenye ile ya manjano ya Bi Khadija, kwamba mliivaa mwaka mzima kwa machungu. Sikujua kuwa nanyi mliichukia! Nami nilikuwa miongoni mwa walioichukia. Nilikaa kimya hadi mmemaliza, kisha nikawarudishia mliyoyasema, nikaitia ile leso jikoni iwe ya kushikia masufuria.

Ndipo nikasema sharti langu. Kiti kibaki cha nyumba, sawa, kwa sababu mnakipenda. Lakini leso tutachagua pamoja, na kila mwaka mtanyoosha mikono kama anayekikalia abaki au aondoke, tuanze siku hiyohiyo. Nikauliza nani hanitaki.

Mkono mmoja ukapanda juu kabla sijafunga mdomo. Wifi yangu Mariamu, aliyekuwa amejiunga na chama asubuhi ile, kumbe alijiunga kwa ajili hiyo. Aliunyoosha hadi bangili zikamshuka kiwikoni, ananitizama usoni, anatabasamu. Hakuna aliyemzomea, hakuna aliyemvuta nguo akae. Nilipouona mkono ule umebaki juu peke yake kwa raha zake, nikajiegemeza kwenye kiti kwa mara ya kwanza.